Kitabu Changu kwa Mkono wa Mama

Haupiti mwezi bila ya kijana kunibishia hodi na bahasha kwapani. Ndani ya bahasha mna kitabu alichokiandika, na kinywani ana maswali matatu, yale yale siku zote: nianzeje, nitampata wapi wa kunichapishia, na kikishachapwa nifanye nini watu wakitake. Wamesikia kwamba kitabu changu cha kwanza nilikitoa miaka ya hamsini, hapa hapa Unguja, bila ya kushikwa mkono na mtu, basi hunitazama kama mtu mwenye dawa. Mimi huwapa chai. Wakishakunywa nawahadithia habari za mama, na wengi huondoka wamenuna, maana wamekuja na daftari na hawakupata la kuliandika humo.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwalimu wa skuli, suruali imenyooshwa pasi mpaka inakata. Nikikaa na mama Mkunazini, katika nyumba ya ngazi nyembamba ambayo mtu mnene hupanda kwa ubavu. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilikuwa nimeandika hadithi ndefu ya mwanamke aliyegombana na mumewe akarudi kwao, na niliamini kwa dhati kwamba dunia ilikuwa inaisubiri.

Niliipeleka kwanza kwenye ofisi moja ya vitabu ng'ambo. Wakanirejeshea wakisema ni ndefu mno. Nikainakili upya kwa mwandiko mdogo zaidi, ikapungua kurasa arubaini, nikawapelekea tena. Safari hii walisema haisomeki. Nilikasirika siku tatu nzima. Vijana wakinieleza leo kwamba wamekataliwa, huwauliza kwanza kama wamekata maneno au wamekata karatasi tu, na wengi hutazama chini.

Basi nikaenda kwa mpiga chapa, Mhindi mmoja aliyekuwa na duka lake kwenye uchochoro nyuma ya Darajani. Kazi yake hasa ilikuwa kadi za harusi na tiketi za sinema. Herufi zake zilikuwa za risasi, zikipangwa moja moja kwa mkono, na kila kurasa nne akizivunja ili apate za kupangia nyengine. Herufi K alikuwa nazo chache. Kila nikipita kumtazama alikuwa ananilalamikia kwamba Kiswahili kinakula K kama kuku anavyokula mtama.

"Bwana mwalimu," akaniambia siku moja, kidole juu ya karatasi yangu, "hapa umesema mwanamke kakasirika kwa kukerwakerwa. Hawezi kununa tu?"

Nilibisha, nikakumbuka kwamba mashine ni yake, nikakubali. Ndiyo maana katika kitabu changu cha kwanza watu wananuna sana.

Vitabu vilipokuwa tayari nikaviweka juu ya gari la hamali, tukavisukuma mpaka nyumbani. Nilipanda ngazi na furushi la kwanza begani. Mama alikuwa ukumbini na mashoga zake watatu, wanawake wa mtaani walionijua tangu nilipokuwa natambaa, wanakunywa kahawa. Nikamkabidhi kitabu mbele yao. Mama akajifuta mikono kwa kanga, akakipokea kwa mikono miwili, akasema Bismillahi, akakifungua.

Akakifungua kwa nyuma. Akaanza kupitisha kidole kwenye mstari, kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, midomo ikimcheza.

Lazima nieleze. Mama hakuwa mjinga wa kusoma. Alikuwa amesoma chuo cha Kur'ani kama wanawake wenziwe wote wa rika lake, na kwa herufi za Kiarabu alikuwa bingwa: akisoma Kur'ani, akisoma na kuandika Kiswahili, na nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa wakimletea barua zao awasomee. Herufi za Kizungu ndizo hakuzijua, maana zilikuja na skuli, na skuli ilimkuta mama keshakuwa na watoto. Mimi niliyajua hayo tangu utotoni. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima naandika kitabu juu ya wanawake wa mtaa wetu, kwa maneno niliyoyasikia kwao, na haikunipitikia hata mara moja kwamba hakuna mmoja wao atakayeweza kukisoma.

Na pale pale, nilipomwona na kidole chake kinarudi nyuma juu ya herufi zangu, nilicheka.

Nilicheka kwa sauti. "Mama," nikasema, "hicho umekishika kinyumenyume! Huo ni mwisho wa hadithi!" Shoga yake mmoja akacheka pia, kwa kunifuata mimi. Mama akakifunga. Akalipapasa jalada kidogo.

"Karatasi yake nzuri," akasema, akakiweka kando, akaendelea kumimina kahawa.

Kwa siku mbili nilidhani yamepita. Siku ya tatu jirani mmoja akaja na barua ya mumewe aliyekuwa Pemba kwenye msimu wa karafuu, na nikamsikia mama akimwambia ukumbini: "Mpelekee mwanangu. Yeye ndiye msomi wa nyumba hii. Mie vitabu navishika kinyume."

Tangu siku ile mama aliacha kusoma barua za watu. Akibembelezwa, jibu lake lilikuwa hilo hilo, kwa upole, na mimi nikilisikia kila mara.

Hapo tena ndipo nilipoanza kuadhibika. Herufi za Kiarabu nilizisoma chuoni utotoni, lakini nilikuwa nimezitupa kwa muda mrefu. Barua za siku zile zilianza kwa salamu: salamu kwako, kwa wazee, kwa watoto, kwa walio karibu na walio mbali, na mimi nikizitambaa moja moja mpaka muadhini anaadhini Magharibi na bado hatujafika kwenye habari. Wanawake wakikaa nyuma ya mlango uliorudishwa, wanavuta pumzi. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama mwalimu huyu anaumwa.

Lakini kwenda polepole kulikuwa nafuu. Balaa lilikuja nilipoanza kuzoea. Siku moja nilimsomea jirani barua ya mumewe kwa ufasaha niliojivunia mwenyewe, mpaka pahala palipoandikwa: na mwambie mamako apunguze mdomo. Nikalisoma lile kama lilivyo. Mamake alikuwa pale pale nyuma ya mlango, na tasbihi mkononi. Nyumba ile iliwaka moto nusu mwezi.

Mama alinikuta nimekaa ngazini nimejishika kichwa.

"Barua namna hiyo," akaniambia, akinipita na ndoo, "husomwa 'na mamako nnamsalimu sana'."

Kazi yote ya kuhariri ambayo nimekuja kuisoma baadaye vitabuni, sijaona mahali imeelezwa kwa uchache zaidi. Wakati ule lakini niliona nimetukanwa tu.

Kitabu nacho kilikuwa kimelala. Nilikiweka kwenye duka moja la Darajani lililokuwa likiuza mafuta ya taa na madaftari, na mwenye duka akavitia vitabu vyangu chini ya viberiti ili viberiti visipate unyevu. Walimu wenzangu niliwapa bure, wakanishukuru sana, na mmoja nilikuja kukiona kwake chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Kwenye baraza ya mtaa wetu walikuwa na nakala moja: mmoja akisoma, kumi na tano wakisikiliza, kisha kila mmoja wao akinisimamisha njiani na kunieleza kwamba amekisoma. Nilipowadokeza kwamba kila mtu angeweza kuwa na chake, walinitazama kama niliyesema kila mtu awe na msikiti wake.

Haya yote ningeyastahamili. Lisilostahamilika lilikuwa uso wa mama. Hakununa, hakunigombeza, chakula changu kilikuwa mezani kwa wakati wake. Lakini habari za kitabu hakuziuliza kamwe, na mimi nilikuwa nimekiandika nikiisikia sauti yake kila mstari. Iliniuma, naweza kusema sasa. Wakati ule sikusema. Nilimletea halua. Akala, akasema tamu. Nikamnunulia doti ya kanga, nzuri, nyekundu ya damu ya mzee, akaikunjua, akayatazama maandishi ya chini.

"Inasemaje?" akauliza.

Ilikuwa imeandikwa kwa herufi za Kizungu. Nikamsomea kwa sauti ndogo.

"Kumbe," akasema, akaikunja, akaitia sandukuni.

Hapo ndipo nilipoamua. Nikanunua daftari kubwa la jalada gumu, na wino, nikakaa ukumbini baada ya alasiri nikaanza kukinakili kitabu changu kwa herufi za Kiarabu, ili mama akisome. Nilipomaliza ukurasa wa kwanza nilikuwa nimelowa jasho. Mama akaja akasimama nyuma yangu. Akatazama kwa muda mrefu.

"Hii nini?" akauliza. "Kuku kapita?"

"Kitabu, mama. Nakuandikia wewe."

Akakaa, akalivuta daftari, akaupasua ukurasa wangu taratibu ili asiharibu mshono, akanyoosha mkono apewe kalamu.

"Haya, soma weye. Mie ntaandika."

Tulifanya hivyo kila siku baina ya alasiri na Magharibi, muda wa mwezi na kitu. Nawaambia vijana: mkitaka kujua kitabu chenu kina nini, msomeeni mtu anayekiandika kwa mkono, na mkono wake unauma.

Kitabu changu kilianza na jua linachomoza. Lilikuwa linachomoza kwa kurasa sita. Nikasoma ya kwanza, ya pili. Mama kalamu ameinua tu.

"Mbona huandiki?"

"Nasubiri. Likishachomoza niambie."

"Mama, hii ni kuonyesha uzuri wa asubuhi."

"Asubuhi naijua. Huyu mwanamke keshaamka au bado?"

Nikaruka mpaka pale anapoamka. Akaandika: Kulipopambazuka mwanamke akaamka. Kurasa zangu sita.

Tukafika kwenye ugomvi. Mke wangu, yaani wa kitabuni, alitoa hotuba mbele ya mumewe juu ya haki na utu na maumbile ya mwanaadamu, ukurasa mzima na nusu, jambo nililokuwa nikiliona ndio kilele cha sanaa yangu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Huyo mume wakati huo kafanya nini?"

"Anamsikiliza."

"Wallahi?" akasema mama. "Mume gani huyo?" Akapiga mstari, akaendelea mbele.

Nilitupa kitabu, nikatoka nje. Nilizunguka mtaa mzima nikisema peke yangu. Niliporudi alikuwa bado amekaa pale pale, ananisubiri, na alikuwa na swali.

"Umesema kaondoka. Kaondoka na nini?"

Sikujua. Mwaka mzima nimekaa na mwanamke huyu na sikujua amebeba nini.

"Mwanamke haondoki hivi hivi," mama akasema. "Huchukua kitu ambacho mume atakitafuta. Mie ningechukua mbuzi."

Alikusudia mbuzi ya kukunia nazi. Akaandika mwenyewe, bila ya kunisubiri: mwanamke akaibeba mbuzi ya nazi chini ya buibui lake, akapita nayo njia kuu mchana kweupe, na mume akarudi akakuta samaki, mchele na nazi nzima tatu, asiweze kuzila. Alikuwa akiandika huku mabega yanamtikisika. Nilikuwa sijamwona anacheka tangu siku ya vitabu. Nilikuwa na neno la kumwambia hapo, lilikuwa limenifika mpaka mdomoni. Nikamuuliza kama wino unatosha.

Ulipofika ukurasa wa mwisho alinitoa ukumbini. Alisema kuna mstari anataka kuutengeneza, nikamchungulie maji jikoni. Niliporudi daftari limefungwa.

Ijumaa iliyofuata aliwasomea wanawake. Nilikaa ngazini, nusu njia, nisionekane. Walijaa mpaka kwenye kizingiti. Mama alikuwa na sauti ya kusomea ambayo haikupanda wala haikushuka, na pale palipofika mbuzi ya nazi ilibidi asimame, maana kulikuwa na mtu anagonga sakafu kwa kiganja na mwengine anaomba maji. Pale mume alipokwenda kuomba suluhu na mama mkwe akamfungulia mlango, wakanyamaza kabisa. Nikasikia mtu anapenga kamasi. Nilijua vizuri pahala pale. Kwangu palikuwa na jua linatua.

Kwa wiki nzima wanawake walinisimamisha njiani. "Kile kitabu cha mamako kizuri mno," wakaniambia. Nikawajibu ahsante, meno yamekazana.

Kisha mgeni mmoja wa Chwaka, aliyekuja mjini harusini, akaliomba daftari aende nalo kwao akalirudishe. Halikurudi. Niliuliza baada ya mwezi, mama akasema kitabu kikisomwa hakipotei. Barua za watu aliendelea kunipelekea mimi.

Ilipita kama nusu mwaka. Mwalimu mmoja wa Chwaka akaugua, nami nikapelekwa huko kwa wiki mbili kushika nafasi yake. Bibi mmoja aliyekaa karibu na skuli ndiye aliyekuwa akinipa chakula cha mchana, kwa ukarimu wa watu wa kule, na siku ya nne nilipokwenda kurudisha sahani nilisikia kutoka ndani ya ua mtu anasoma. Nilisimama. Mwanamke alikuwa anapita njia kuu na mbuzi chini ya buibui.

Nikapiga hodi kwa nguvu kuliko adabu inavyotaka.

"Karibu, mwalimu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Hicho kitabu unachosoma," nikasema, "ni changu."

Akanitazama kwa utulivu. Alikuwa na daftari mapajani, lakini si lile letu; lilikuwa jengine, dogo, limeshonwa kwa uzi wa nyavu.

"Hiki changu, mwanangu. Nimekinakili kwa mkono huu, siku kumi na tisa. Kile kilichotoka mjini kishakwenda Matemwe."

Nikamwelezea kwamba mimi ndiye mtunzi. Kwamba aliyekiandika ni mama yangu, Mkunazini, kwa maneno yangu, au tuseme kwa baadhi yake. Bibi akaniangalia tena, safari hii kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Ala! Ndiye weye?" akasema. "Mwenye makosa?"

Nikamuuliza makosa gani. Akafungua ukurasa wa mwisho, akanielekezea kidole.

Wanaonakili kitabu kwa mkono wana desturi yao. Wakimaliza huandika chini kwamba makosa yaliyomo ni ya mnakili, na humwomba msomaji amsamehe na amwombee dua. Mama alikuwa ameiandika desturi ile kwa namna yake. Nilisoma polepole, na bibi hakunihimiza: Makosa yote ni ya mtunzi, naye ni mwanangu. Msomaji msamehe, mimi nimeshamsamehe.

"Mie nimenakili kila neno," bibi akasema. "Cha mtu hakipunguzwi. Sasa nishaandika kwa mkono wangu kwamba u mwanangu, na sifuti. Na aliyekinakili Matemwe keshaandika vile vile. Una mama wengi, mwalimu." Akasogea karibu. "Lakini nambie. Sie tumekisoma mara nne tukilitafuta kosa lenyewe, hatujaliona. Ulifanya nini?"

Nikamwambia. Nilidhani atacheka, maana kwa kweli ni kichekesho. Hakucheka.

"Na ulimtaka radhi?"

Nikamtajia halua. Nikamtajia kanga, na kitabu kizima.

"Nnakuuliza, ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Kashakusamehe," akasema, "kaandika, watu wa Chwaka wanajua, Matemwe wanajua. Hujui weye tu uliye naye nyumba moja. Kwa nini?"

Nikasema sijui.

"Kwa kuwa sie tuko mbali, ilibidi atuandikie. Weye ungeweza kumuuliza."

Alhamisi skuli ilipofungwa kwa mapumziko ya Ijumaa nikapata gari la kuja mjini. Nilipanda ngazi zetu, na juu nikapiga hodi nyumbani kwetu wenyewe kama mgeni. Mama alikuwa amekaa mkekani na ungo wa mchele, anachagua chuya. Nikapiga magoti, nikamshika mkono, nikamwambia kwamba siku ile nilimcheka mbele ya mashoga zake, kwamba nilikosa, na kwamba namtaka radhi. Yalikuwa maneno machache sana, na ndiyo ya kwanza niliyowahi kumaliza bila ya kuyapamba.

Mama hakuinua uso. Akatoa chuya moja, akaitupa.

"Ungesema siku ile ile," akasema, "ungeniokolea wino."

Kisha akanisogezea upande mmoja wa ungo, tukachagua mchele.